Mwaka Tuliokataa Kumzima Mlinzi

Juzi tulimuaga Da Rehema kazini. Ukumbi ulikuwa kule Shangani ya hapa kwetu kusini, upepo wa bahari unaingia mpaka vitambaa vya meza vinataka kuruka, pilau ipo ya kuku na ya ng'ombe, na mshereheshaji, ambaye ananijua ninavyopenda kuongea, akanikabidhi kipaza sauti huku akiniomba mbele ya wageni nikirudishe kabla ya magharibi. Watu wakacheka. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa, mimi sipandi jukwaani bila kujiandaa. Lakini nilipomwona yule mama amekaa kwenye kiti cha maua, mtandio wa kijani, miwani imemshuka puani vilevile kama siku zile kwenye dirisha la mizani, maneno yote yakanikauka. Nikasema, "Da Rehema, asante," nikakaa. Meza nzima wakadhani naumwa, mke wangu akanishika paji la uso. Siumwi. Nilikuwa nimerudi kwenye chumba kimoja kidogo pembeni mwa ghala, na niliyoyaona mle hayasemeki huku watu wanasubiri keki ikatwe. Ndiyo maana naandika. Kwenye kuandika hakuna mshereheshaji.

Kwa wasionijua, mimi ni Mussa Chitanda, Fundi Chitanda wa Chikongola. Elimu yangu ni darasa la saba na naitaja kifua mbele. Leo vijana wenye digrii wananiamkia asubuhi kisha wanasubiri niwapangie kazi. Kompyuta za maduka, za shule, za zahanati, tangu mjini hadi Kilambo kwenye kivuko cha Ruvuma, nyingi zimepita kwenye mikono hii. Sikuzirithi, nilizifuata moja moja. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na meza ya kukodi ndani ya duka la spea za redio, na kitu kimoja ambacho mafundi wenzangu mjini hawakuwa nacho: Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Wao walikuwa wanapambana na virusi kila siku kama mtu anayefukuza nzi kwenye nyama. Mimi nilishapata diski ya bure, nikaiweka, nikajifunza kwa kuharibu. Niliharibu kompyuta za watu na nikazitengeneza kabla wenyewe hawajarudi kuzichukua. Kiingereza changu kilikuwa cha kamusi, sentensi moja naitafuna taratibu kama muwa, natema makapi, namwuliza mpita njia, narudi tena. Lakini ikishaingia kichwani haitoki.

Ulikuwa ule wakati mfumo wa stakabadhi ghalani bado mgeni mkoani kwetu. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, chama kinapeleka ghalani, mnunuzi akishashinda mnada anapewa hati ya kutolea mzigo, lori linapimwa, linashuka bandarini. Kampuni moja ya maghala, sina haja ya kuitaja kwa kuwa ilishafunga milango, ikaamua hati hizo zisiandikwe tena kwa mkono. Wakaleta kompyuta kubwa, seva, na kutoka Dar akaja mhandisi wa kike, Injinia Neema, akaifunga, akawafundisha, akaondoka na basi kurudi kwao. Kabla ya kuondoka aliuliza ni nani hapa mjini anaijua Linux. Wakamtajia mtu mmoja. Hakukuwa na wa pili.

Chumba chenyewe bado nakiona. Dirisha lenye wavu linatazama mizani ya malori, harufu ya katani na maganda ya korosho inawasha pua mpaka unazoea, feni inageuka upande mmoja tu kisha inagoma kurudi. Kwenye dirisha lile ndipo alipokaa Da Rehema, karani wa mizani, kidato cha nne, mtoto wa wakulima wa Madimba. Siku hizi ukisema Madimba watu wanawaza gesi. Wakati ule ilikuwa mihogo na mikorosho, na Da Rehema alikuwa akija kazini na bakuli lenye kifuniko, ndani yake ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, anatugawia wote bila kuuliza nani ameleta nini. Alinizidi miaka michache. Hakuwa mtu wa maneno. Mkuu wa ghala alikuwa Mzee Komba, mtu wa Songea, mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, aliyezeekea kwenye kuhesabu mizigo bandarini kabla ya kuja pale. Siku ya kwanza aliponikaribisha hakunipa hata kiti, alinipa sheria. Aliniambia pale hakuna nakala. Kwenye korosho, karatasi mbili zinazofanana ni mzigo mmoja uliouzwa mara mbili. Walipomletea mashine ya fotokopi aliirudisha ndani ya boksi lake. Nilimwona mkorofi. Baadaye nilikuja kujua kwamba kuna mwaka mahali fulani alishuhudia watu wazima wakilia kwa ajili ya karatasi ya pili, na tangu siku hiyo akaapa.

Mambo yalikwenda vizuri msimu ulipoanza, kisha malori yakaanza kukwama. Lori linapanda mizani, Da Rehema anaandika namba yake na jina la chama, anabonyeza, na kompyuta inanyamaza. Haisemi imekosea wala haisemi imekubali. Anasubiri, dereva anapiga honi, mwisho inabidi programu izimwe na kuwashwa upya na lori lisogee pembeni. Hilo lenyewe lingevumilika. Ubaya ni kwamba malori ya vyama vingine yalipita kama maji, na yaliyokwama ni yale ya vyama vichache vya upande wa Nanyamba, na mzigo wa vyama hivyo karibu wote ulikuwa umenunuliwa na tajiri mmoja. Sasa wewe ukiwa dereva wa tajiri huyo, umekaa juani mwenzako anapita, utamlaumu nani? Utailaumu seva? Utamlaumu mtu unayemwona dirishani.

Niliyasikia kwa masikio yangu kwa Mama Zai, mama lishe aliyekuwa na benchi na jiko lake nyuma ya ghala. Madereva walikuwa wanakula, hawakujua mimi ni nani. Mmoja akasema yule mama mwenye miwani anataka kushikwa mkono. Mwingine akasema si hivyo, ana shemeji yake anayenunua korosho, anawabania wengine. Wa tatu akasema mbona ni mpole. Wa kwanza akajibu kwamba hao ndio wenyewe. Wakacheka, wakaomba pilipili. Nilipogeuka, Da Rehema alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani yake. Aliyasikia yote. Alikaa palepale, akala, akanawa, akashukuru, akarudi dirishani. Nikajiambia, huyu mtu anameza jiwe.

Maneno yakapanda hadi Dar. Mzee Komba alimwita ofisini akamwambia, na mimi nilikuwepo kwa kuwa nilikuwa chini ya meza nafuata waya, kwamba meli ikimaliza kupakia mkurugenzi atakuja, na kama hadi hapo sababu haijaonekana, Da Rehema atakabidhi dirisha. Alisema hilo bila hasira, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa. Da Rehema aliuliza swali moja tu, kama akikabidhi wataandika sababu gani. Na hapo ndipo palipokuwa na shida yenyewe, kwani kazi mtu anaweza kupata nyingine, lakini kule Madimba ndugu zake walikuwa wanachama wa chama cha msingi, na mtu akishaitwa mwizi wa mizani hakuna mkulima atakayekaa naye benchi moja. Nikatoka chini ya meza na vumbi langu. Nikawaambia nitaipata hiyo sababu. Nilisema kwa majivuno, sikatai. Ndivyo nilivyo, na majivuno yangu hunilazimisha kufanya nilichosema.

Kuna chombo kinaitwa strace. Ukikielekeza kwenye programu inayotembea, kinakuonyesha kila kitu programu hiyo inachoiomba kompyuta: inafungua jalada gani, yaani faili gani, inasubiri nini, imejibiwa nini. Ni sawa na kumweka mtu nyuma ya karani asikie kila anachomnong'oneza mtunza stoo. Nikaingia kwa jina la mkuu wa mashine, ambaye kwenye Linux za kawaida hakatazwi kitu. Nikaandika amri yangu kwa mbwembwe, Mzee Komba amesimama mgongoni. Kompyuta ikajibu kwamba sina ruhusa. Nikarudia polepole. Sina ruhusa. Mzee Komba akauliza imesema nini. Nikamwambia inawaza. Akasema, "Mbona umetoka jasho wewe?"

Kilichonikataza nilikuwa nakifahamu kwa jina tu. Kinaitwa SELinux, sisi pale tulikiita Mlinzi, na Injinia Neema alikuwa amekifunga kwa ukali wake wote. Mlinzi huyu hajali cheo chako. Kila programu ina alama yake, kila jalada lina alama yake, na yeye anatazama alama mbili hizo na sheria alizopewa. Kama sheria haisemi upite, hupiti, hata uwe mkuu wa mashine, hata uwe Fundi Chitanda. Kwenye intaneti nilishasoma ushauri wa watu wa dunia nzima kuhusu Mlinzi, na ushauri wao ulikuwa mmoja: mzime. Amri yenyewe ni fupi, mtoto anaweza kuiandika. Nikaiandika. Ilibaki kubonyeza tu. Mzee Komba akasema kama ndiyo inayozuia basi zima, malori yapite, meli haisubiri mtu.

"Fundi, usizime."

Alikuwa Da Rehema, hakugeuka hata, anatazama nje kwenye wavu. Tukamgeukia sisi.

"Ukizima na malori yakapita," akasema, "watasema mama ameogopa, ameacha mchezo wake. Hiyo kompyuta yenu itakuwa imepona. Mimi je?"

Feni iligeuka upande wake ikagoma. Nikatoa mkono kwenye kibodi. Nimefundishwa mambo mengi ya kompyuta na watu wengi, lakini lile ndilo kubwa kuliko yote, na aliyenifundisha hakuwa anazungumzia kompyuta. Ukifukuza tatizo kabla hujaliona sura, hujalitatua. Umelificha tu, na mtu mwingine ataubeba mzigo wake. Wakati ule sikuwa na maneno haya. Nilikuwa na aibu tu kwamba nilikaribia kubonyeza.

Nikatoka nje hadi kwenye kona ya ukuta ambako mtandao wa simu ulishika, nikampigia Injinia Neema. Nyuma yake nasikia mtoto analia na sufuria zinagongana. Nilimweleza kwa kirefu, nikianza na sifa zangu. Akanikatiza kwa upole, akauliza kama nimemzima Mlinzi. Nikasema bado. Akashusha pumzi mpaka nikaisikia. Akasema ningezima, chochote ambacho ningemwambia baada ya hapo asingekuwa na njia ya kukiamini, kwa sababu mashine isiyo na Mlinzi ni mashine nyingine. Kisha akaniambia mahali Mlinzi anapoandika makatazo yake. "Wewe Chitanda umezoea kugusagusa," akasema. "Leo soma."

Basi tukasoma. Mimi na kamusi yangu, Da Rehema na kidato chake cha nne, vichwa viwili kwenye skrini moja, bakuli la ming'oko katikati. Maandishi yale yalikuwa yamesongamana kama magugu, lakini Injinia alishatupa njia: tafuta nani amekatazwa, kufanya nini, kwa nani. Ukishajua hayo matatu mengine yote ni matawi. Da Rehema ndiye aliyeliona kwanza. Mlinzi alikuwa ameandika, bila kinyongo wala upendeleo, kwamba amemkatalia mwenye alama ya ukuu, yaani mimi, kuichungulia programu nyingine ikiwa inatembea. Kuhusu malori yaliyokwama hakuandika hata neno. Nikampigia tena Injinia nikidhani nimemkamata, kwamba Mlinzi wake hahusiki na malori. Akasema hapana, yapo makatazo madogo ambayo Mlinzi ameambiwa asiyaandike, maana angeandika yote daftari lake lingejaa kwa siku moja. Kwa hiyo njia ya kujua ilikuwa kuchungulia. Na kwa kazi ya kuchungulia, ndani ya sheria za Mlinzi mwenyewe kulikuwa na kidirisha kimoja kidogo, kinafungwa na kufunguliwa peke yake, bila kuugusa mlango mkubwa. Akanisomea amri herufi kwa herufi. Akaweka masharti: kifunguliwe kwa muda, kwa namna ambayo mashine ikiwashwa upya kinajifunga, Mzee Komba awepo ashuhudie, na tukimaliza tufunge. Alirudia hilo la kufunga kama mtu anayemwachia jirani nyumba yake.

Asubuhi iliyofuata likaja lori la mzigo wa Nanyamba. Dereva alikuwa yuleyule wa kwa Mama Zai, aliyesema habari ya kushikwa mkono. Akaegemea dirisha, akauliza kwa utani kama leo mama ameamka na dua nzuri. Da Rehema akamwambia, "Leo una bahati, umekuja tukiwa na mgeni." Dereva akachungulia ndani kumtafuta mgeni, akaniona mimi. Nikafungua kidirisha. Nikaita strace, na safari hii Mlinzi akaniacha nipite. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini kama mchele unaomiminwa. Da Rehema akaandika namba ya lori, jina la chama, akabonyeza. Mistari ikakimbia, ikakimbia, halafu ikaanza kujirudia. Mstari uleule, kituo kidogo, mstari uleule. Programu ilikuwa inaomba kufungua jalada la chama kile, inajibiwa hapana, inasubiri, inaomba tena. Ilikuwa kama mgeni mwenye adabu kupita kiasi, anabisha hodi, hajibiwi, naye hataki kuondoka wala kupaza sauti. Da Rehema alikuwa ameketi mikono mapajani, mbali na kibodi. Mzee Komba aliiangalia mikono ile, akaiangalia skrini inayojirudia yenyewe, akarudi kwenye mikono. Nikamwacha aangalie. Yapo mambo hata mimi sihitaji kuyasemea.

Tulishajua kwamba si Da Rehema. Lakini kumwambia mkurugenzi kwamba si yeye bila kumwambia ni nini, ni nusu ya kazi, na nusu ya kazi sijawahi kuitoza hela. Ruhusa za kawaida za jalada lile zilikuwa sawa kabisa. Nikaiomba kompyuta inionyeshe alama za Mlinzi. Majalada yote ya vyama yalikuwa mahali pamoja, yamepangana, na mengi yao yalikuwa na alama ya programu ya mizani. Yale ya Nanyamba yalikuwa na alama nyingine, alama ya majalada ya nyumbani, yaani ya sehemu binafsi ya mtu anayetumia kompyuta. Yako hapa, yana alama ya kule. Yaliipataje? Nilikaa nikayatazama mpaka macho yakawasha. Simu ya Injinia ikawa haipokelewi. Mzee Komba akasema tukale, na kwa mara ya kwanza akatoka na sisi, kwa kawaida alikuwa akila ofisini peke yake chakula cha kutoka kwake.

Mama Zai alikuwa na ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi na dagaa. Madereva walipomwona mkuu wa ghala pamoja na Da Rehema wakapunguza sauti, yule wa lori la Nanyamba akawa anachunguza sahani yake kama ameangusha kitu ndani. Mbele yetu makuli walikuwa wanahamisha magunia kutoka ghala la nyuma kuja la mbele, mgongo kwa mgongo, wanaimba ya kwao kwa Kimakonde. Nikawa nakula bila ladha. Da Rehema alikuwa ameshika tonge, halipeleki mdomoni.

"Fundi," akasema, "lile gunia linalopita lina alama ya wapi?"

Nikatazama. Nikasema Nanyamba, si limeandikwa ubavuni.

"Na sasa hivi liko wapi?"

"Hapa kwetu, Da Rehema. Kula."

"Mbona halina alama ya hapa?"

Nikamwambia litakuwaje na alama ya hapa wakati limehamishwa tu. Lingemwagwa, korosho zikapakiwa kwenye gunia letu jipya, ndipo lingepata alama yetu. Hayo niliyasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, na nilipofika mwisho wa sentensi nikawa nimeshasimama, ugali bado mkononi. Da Rehema akaliweka tonge sahanini, akanitazama juu ya miwani. Mama Zai akauliza kama kuna mchanga kwenye kisamvu.

Ndivyo ilivyo kwa Mlinzi. Jalada likinakiliwa linazaliwa jipya, nalo linapakwa alama ya mahali lilipozaliwa. Likihamishwa linakuja na alama ya kwao, na Mlinzi kila akilitazama anamwona mgeni. Programu ya mizani iliruhusiwa kugusa vya mizani tu. Kwa hiyo kuna mtu alikuwa ameyaandika majalada ya Nanyamba mahali pengine kisha akayahamisha. Nikalisema hilo palepale kwenye benchi, kwa furaha, sikuwa nafikiria ni nani. Kisha nikaona Mzee Komba amevua kofia.

"Niliyahamisha mimi," akasema.

Vyama vile vilichelewa kuleta taarifa zao msimu ulipokuwa unaanza. Injinia alikuwa amemwonyesha namna ya kuyaandaa majalada, naye akataka kuyaandaa kwa mkono wake, kwenye sehemu yake mwenyewe, ayakague, akisharidhika ayapeleke yanakotakiwa. Na Injinia alimfundisha kunakili. Yeye akahamisha. Angewezaje kunakili, mtu aliyerudisha fotokopi kwenye boksi? Yangebaki majalada mawili yanayofanana ndani ya ghala lake. Hakuna mtu wa korosho ambaye asingemwelewa. Hatukucheka, na hata leo nikisimulia sipendi mtu acheke hapo, kwa sababu mkono ule uliokosea ni mkono uleule uliozuia mizigo mingapi isiibwe. Injinia Neema alipompata baadaye kwenye simu alimwambia hivyohivyo, na akaongeza kwamba kosa hilo na yeye angelitarajia kama angekuwa amekulia kwenye maghala.

Tukarudi chumbani. Ipo amri inayopita kwenye majalada na kuyapaka upya alama za mahali yalipo. Nikaiandika, nikamwomba Mzee Komba abonyeze yeye. Akabonyeza kwa kidole cha shahada, taratibu, kama anayeweka dole gumba kwenye wino. Lori bado lilikuwa juu ya mizani, na dereva alikuwa ametufuata. Da Rehema akashusha miwani puani, akaandika namba, akaandika chama, akabonyeza. Mashine ya kuchapa ikakohoa, karatasi ikatoka. Mlinzi yuko macho wakati wote, hajazimwa hata kidogo. Dereva akaipokea dirishani, akaigeuza mbele na nyuma.

"Imetoka yenyewe?"

"Imetoka, kaka. Pita, wenzako wanasubiri."

Mzee Komba hakurudi ofisini. Nilimwona kupitia wavu anatembea hadi kwa Mama Zai, palepale maneno yalipozaliwa, akasimama mbele ya benchi la madereva. Alisema mashine ilikuwa imekwama kwa mkono wake yeye, na kwamba Mama Rehema ndiye aliyekataa isizimwe mpaka ukweli ujulikane. Hakuongeza pambo. Kisha akaketi kati yao, akaomba chai ya rangi. Mkurugenzi alipokuja alikuta malori yanapita, akasimuliwa na Mzee Komba mwenyewe, akaondoka bila kumgusa mtu. Miaka mingi baadaye tulimzika Mzee Komba kwao Songea, na Da Rehema alisafiri na basi kwenda huko na hotpoti ya ming'oko.

Watu huniuliza nilipataje kazi za ofisi kubwa wakati sina cheti. Zilianza pale. Injinia Neema alinitaja kwa watu, watu wakanitaja kwa watu. Lakini kila kijana ninayemwajiri, hata awe na digrii yenye lakiri, siku ya kwanza namkalisha kwenye mashine yenye Mlinzi mkali, namwacha akataliwe, nakaa pembeni nione mkono wake unakwenda wapi. Ukienda kwenye amri ya kuzima, najua nina kazi. Ukienda kwenye kusoma, namwita mke wangu aongeze sahani.

Siku ile ya lori la Nanyamba, jioni, kabla ya kufunga chumba, nilimpigia Injinia nimpe habari. Nilisema sana, nilistahili kusema sana. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimefunga kidirisha. Nikakumbuka kwamba sijafunga. Nikampisha Da Rehema kwenye kiti, nikamsomea amri herufi kwa herufi kama nilivyosomewa mimi, akaiandika, akabonyeza. Halafu akasema nijaribu kile chombo changu, tuone. Nikajaribu. Kompyuta ikanijibu, mimi Fundi Chitanda, mkuu wa mashine, kwamba sina ruhusa. Mzee Komba, aliyekuwa mlangoni na funguo mkononi, akauliza imesema nini. Da Rehema akamsomea kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne, sauti imetulia, kisha akaanza kucheka, na sikuwahi kumsikia akicheka tangu malori yaanze kukwama. Tukacheka wote watatu, mimi nikiwa nimekataliwa.